Ukiliona Jiwe la Wazee, Liache Pale Pale



Leo mazungumzo yetu ni ya mawe. Si mawe ya kujengea, wala kokoto, wala chokaa. Ni mawe yaliyochongwa na watu walioishi hapa Unguja zamani mno, kabla ya chuma na kabla ya chungu, wakayatumia kuwindia, kuchunia na kutengenezea zana za kutafutia kitoweo. Nataka tuulizane swali moja tu: ukiliona jiwe la namna hiyo, shambani kwako au ndani ya pango, ufanye nini? Uliokote ukaliweke kabatini? Umuuzie mgeni? Au uliache?

Jawabu langu nalitoa mapema, na nitalirudia kila nikipata nafasi: liache pale pale lilipo, kisha mwite anayejua.

Najua wapo watakaosema, “Zanzibar na zana za mawe, wapi na wapi?” Sisi tumezoea kusimulia historia yetu kuanzia majahazi. Tunataja Wareno, tunataja Masultani, tunautaja Mji Mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Anayekwenda mbali zaidi atautaja msikiti wa Kizimkazi Dimbani na maandishi yake ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Hiyo ni miaka mia tisa na ushei. Ni mingi, na tuna haki ya kujivunia. Lakini toka hapo Kizimkazi uende upande wa mashariki, ufike Jambiani, halafu upande juu maweni, utafika kwenye pango linaloitwa Kuumbi. Humo ndani miaka mia tisa ni udongo wa juu tu.

Basi tulizungumze hilo pango la Kuumbi.

Ni pango kubwa ndani ya mwamba wa matumbawe, dari lake limetoboka mahali, mwanga unaingia. Watu wa maeneo yale wanalijua tangu enzi za mababu, na wapo wanaolihesabu kuwa ni mahali pa kuombea. Wataalamu wa mambo ya kale walianza kulichimba katika miaka ya 2000, wakiongozwa na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaja wengine, wa mradi ulioitwa Sealinks, ukiongozwa na Nicole Boivin, wakachimba tena. Nakuombeni mkumbuke hilo neno “tena”. Tutalirudia, maana ndani yake ndimo ilimo hoja yangu yote.

Walikuta nini? Walikuta mawe ya kwatsi, jiwe jeupe, gumu, linalopitisha mwanga, limevunjwavunjwa kwa ustadi likawa vibanzi vidogo vyenye makali. Walikuta na mawe makubwa zaidi ya chokaa, nayo yamechongwa. Walikuta makombe ya baharini na mifupa ya wanyama walioliwa. Na walikuta zana za mfupa, chache lakini za thamani kubwa kielimu: ncha tano za kuchomea, msharasi mmoja wa kutobolea, na kipande cha mfupa mwembamba wenye uwazi ndani, kilichotiwa pengele pengele ubavuni. Zana hizo za mfupa umri wake unafika kiasi cha miaka 13,000.

Miaka elfu kumi na tatu, wasikilizaji. Hapa hapa kwetu Unguja.

Sasa tuzitazame zile ncha tano. Ni nyembamba na fupi. Wataalamu waliozichunguza walijiuliza: kitu chembamba namna hii kitamuangushaje mnyama mkubwa? Maana mifupa iliyokuwemo pangoni haikuwa ya paa peke yake. Ilikuwemo ya nyati na ya punda milia. Dhana waliyoifikia ni kwamba zilikuwa ncha za mishale, na mishale hiyo ilitiwa sumu. Dhana hiyo haina ugeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi mpaka leo wanatia sumu ya mimea kwenye mishale yao. Mshale wa sumu hauhitaji nguvu nyingi. Unachohitaji ni kupenya ngozi, kisha mwindaji anaufuata mkondo wa damu kwa subira mpaka mnyama aanguke. Kwa hiyo aliyechonga ile ncha alijua mifupa, alijua mimea, alijua dawa na kipimo chake, na alijua tabia ya mnyama. Huo ni ujuzi wa kurithishana, na mtu wa namna hiyo simwiti mshamba hata siku moja.

Umesikia nimesema nyati na punda milia. Nyati Unguja? Punda milia Jambiani? Ndiyo. Maana wakati ule Unguja haikuwa kisiwa.

Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yameganda kaskazini na kusini kabisa mwa dunia, na bahari ilikuwa chini kuliko ilivyo leo kwa mita 120 hivi. Mkondo ulio baina yetu na Bara ni wa maji mafupi. Bahari iliposhuka, mkondo wote ukawa nchi kavu, na mtu angeweza kutoka Bagamoyo kwa miguu yake mpaka hapa Shangani, na nyati naye vivyo hivyo. Kisha baridi ikapungua, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda kidogo kidogo, na kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita maji yakakutana. Pemba habari yake ni nyengine: mkondo wake ni wa kina kirefu mno, ilijitenga na Bara zamani zaidi.

Kwa hiyo wanyama wakubwa wakabaki wamefungiwa kwenye kisiwa kidogo, baada ya muda wakatoweka. Wakabaki tunaowajua leo: paa, paa nunga, kima punju. Na watu wa Kuumbi nao wakaondoka. Uchimbaji wa 2012 unaonyesha pango lilihamwa kwa maelfu ya miaka. Halafu, katikati ya miaka elfu ya kwanza baada ya Nabii Isa, likakaliwa tena, mara hii na watu wenye vyungu na chuma. Hizo ndizo zama ambazo Unguja Ukuu na Fukuchani zilianza kujengeka.

Haya, tusogee pwani, maana naona wavuvi wamekaa kimya wananingoja.

Mtu wa Zama za Mawe alivuaje? Hili ni gumu zaidi kuliko kuwinda, na nitawaeleza kwa nini. Mvuvi wa Jambiani, nitajie zana zako. Utasema: dema, mshipi, ndoana, jarife, wando. Bibi anayekwenda pwani maji ya bamvua yakitoka atasema: mti wangu wa kuchokolea pweza, na pakacha langu. Haya, sasa zifukie zana hizo ardhini, uziache miaka elfu kumi. Itabaki nini? Dema ni fito na mianzi, litaoza. Kamba itaoza. Mti wa pweza utaoza. Ndoana ya chuma italiwa na kutu. Kitakachobaki ni lile jiwe ulilolitia ndani ya dema lizame. Na lile jiwe, mtu akiliokota peke yake, atajuaje kama liliwahi kukaa ndani ya dema?

Hawezi. Ila akilikuta mahali pake, limezungukwa na miba ya changu na pono, na makombe, na majivu ya jiko, hapo ataanza kuelewa.

Pale Kuumbi, dalili kubwa ya pwani katika tabaka za kale ni makombe ya baharini. Upande wetu wa mashariki bahari inaingia kina haraka ukishapita mwamba, kwa hiyo hata maji yaliposhuka sana, pwani ile haikuenda mbali. Watu wa pango walikuwa wanashuka pwani kuokota, wakapandisha kitoweo juu. Wakati huo huo migongoni wana pinde. Nyama ya porini na ya baharini katika jiko moja. Mimi hilo linanifurahisha sana, maana nyumba nyingi za kusini Unguja mpaka hivi karibuni ziliishi vivyo hivyo, baba mtegoni na mama pwani.

Anayetaka kuona chusa za kale hasa, zenye miiba ubavuni zisichomoke kwenye samaki, aelekee mashariki ya Kongo. Pale Ishango, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akazikuta chusa za mfupa kwa wingi pamoja na mifupa ya samaki. Umri wake unakisiwa kufika miaka 20,000. Tumejuaje kwamba ni chusa na kwamba ni za kale kiasi hicho? Kwa sababu zilikutwa ardhini pamoja na samaki wake.

Sasa tuje kwenye lile swali letu. Kwa nini nasema liache pale pale?

Jiwe lenyewe halisemi umri wake. Ukilitia mfukoni, ukanipelekea mimi au profesa wa chuo chochote, tutakwambia limechongwa, limepigwa hapa na hapa, basi. Umri tunaupata kwenye vitu vilivyolala nalo: kipande cha kaa la moto, mfupa, kombe. Makaa ndiyo yanayopelekwa maabara kupimwa kaboni. Na tabaka la udongo ndilo linalotuambia kwamba jiwe hili na kaa hili ni vya wakati mmoja. Ukiliondoa jiwe, umevunja uhusiano huo, na haurudi tena hata ukilirejesha kesho. Zana iliyookotwa bila maelezo ni ufunguo ulioletwa mjini, na mlango wake haujulikani uko mtaa gani.

Nilikwambieni mkumbuke neno “tena”. Profesa Chami, baada ya kuchimba Kuumbi, aliandika kwamba watu wa pale walikuwa na mifugo maelfu ya miaka iliyopita, mapema sana kuliko ilivyodhaniwa. Ni hoja nzito, ingebadilisha historia ya pwani yote. Waliokuja 2012 walichimba, wakapima makaa na mifupa mmoja mmoja, wakafikia rai tofauti: kwamba mifugo na vyungu vilikuja baadaye, katika zile zama za chuma. Mimi naona ushahidi wa hawa wa pili una nguvu zaidi, lakini leo sikuja kuhukumu. Ninachotaka mkitazame ni hiki: waliwezaje kuhitilafiana kielimu, kila mmoja na ushahidi wake mkononi? Ni kwa sababu udongo ulikuwa bado upo. Profesa alichimba sehemu, akaacha sehemu. Tabaka zilibaki ukutani mwa shimo, mwengine akaja akazisoma kwa macho mapya. Lau pango lile lingefagiliwa na watu wanaotafuta mawe ya kuuza, mjadala ungekufa siku hiyo hiyo, na pasingekuwa na wa kumsahihisha mwenzake.

Narudia, na mnisamehe kwa kurudia: jiwe likikaa mahali pake, hata kosa la mtaalamu linaweza kusahihishwa.

Wenzetu wamefanyaje? Kenya wana mahali panaitwa Olorgesailie, kwenye njia ya kwenda Magadi. Mary na Louis Leakey walianza kazi pale mwaka 1942 wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa kwa mamia. Wakaamua mengi yabaki pale pale chini. Wakajenga njia ya mbao ya kupita juu yake, na mpaka leo mwanafunzi anasimama juu ya daraja lile anayaona mashoka yalivyoachwa. Na sisi Tanzania tuna Isimila, karibu na Iringa. Hapo mwaka 1951 ni mwanafunzi tu aliyekuwa akipita njia, aliona mawe ya ajabu ndani ya korongo, akachukua machache na kuwapelekea wataalamu habari. Miaka michache baadaye wakaja kuchimba kwa utaratibu. Katika kisa hicho ninachokipenda zaidi ni ile habari aliyoipeleka. Yale mawe machache angeweza kuyaacha, habari ingetosha.

Najua sasa yupo anayeuliza: “Mimi nitalijuaje jiwe la wazee na jiwe la kawaida? Unguja nzima ni mawe!”

Swali zuri. Anza na aina ya jiwe. Ardhi ya maweni ni matumbawe, ya kijivu, yana matundu. Ukiona kipande cha jiwe jeupe gumu la kwatsi mahali pa matumbawe matupu, jiulize limefikaje. Halafu tazama umbo lake. Mchonga jiwe wa zamani alishika jiwe la kugongea mkono mmoja, akapiga ukingoni mwa jingine, kikaruka kibanzi. Pale pigo lilipoingia huwa pamevimba kidogo, na kutoka hapo mna mawimbi madogo yanayoenea. Kisha ukingo wa kibanzi huwa na alama ndogo ndogo za kunolewa zilizofuatana kwa mpango. Jembe nalo linavunja jiwe, gari nalo linavunja, lakini havivunji kwa mpango. Ukiona mpigo mmoja usishtuke. Ukiona mipigo mingi midogo kwenye ukingo ule ule, simama hapo.

Na ukishasimama, fanya hivi. Usichimbe. Usilisugue wala kuliosha, maana kwenye makali yake yanaweza kuwemo mabaki ya kitu kilichokatwa. Kama una simu, lipige picha hapo lilipo, na uweke sarafu au kibiriti pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Piga na picha ya mahali penyewe, pamoja na mnazi ulio karibu au njia. Kisha mwendee sheha wako, umwambie. Sheha ndiye mlango wa kwanza, naye ataifikisha habari Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Ukiwa mjini unaweza kwenda mwenyewe idarani.

Na kama tayari limo kabatini kwako? Pengine marehemu babu aliliokota, likabaki la ukumbusho. Usione haya, na usilitupe. Andika karatasi: limetoka shamba gani, kijiji gani, aliyeliokota alikuwa nani, mwaka gani kama unakumbuka. Hata “maweni, nyuma ya kisima cha zamani” ni habari. Karatasi hiyo ikae pamoja na jiwe, na ulipeleke. Jiwe lenye karatasi limeokoa nusu ya hasara.

Juu ya kuuza nitasema kwa ufupi, maana hapana la kuremba. Vijana wanaotembeza wageni kwenye mapango, nyinyi ni wanangu na riziki yenu naiheshimu. Mgeni akikuombeni kipande cha kuchukua, mwambieni hapana kwa adabu, na mumueleze kwa nini. Akisikia kwamba hapa paliwindwa punda milia kabla bahari haijaja, atalipa kwa hadithi hiyo, na atamleta mwenzake. Jiwe mnaliuza siku moja. Hadithi ya Kuumbi mnaweza kuiuza kila siku, na inabaki yenu.

Na nyinyi wenye machimbo ya mawe na mchanga, na mafundi mnaosafisha viwanja vya mahoteli pwani ya mashariki: tingatinga likifungua pango, simamisheni kazi kidogo. Asubuhi moja ya tingatinga inaondoa udongo uliojikusanya kwa maelfu ya miaka, na ukishapakiwa kwenye lori ukaenda kujaza fusi, hakuna mtaalamu duniani anayeweza kuurudisha ulivyokuwa. Mkandarasi anaweza kuhimiza, muda una gharama, nalijua hilo. Simu moja kwa sheha haimalizi siku nzima.

Walimu wa skuli nao nawaomba jambo. Mkiwafundisha watoto Zama za Mawe, msiishie Olduvai na Isimila. Watajieni Kuumbi. Mtoto wa Jambiani, wa Paje, wa Makunduchi, anastahili kujua kwamba somo lile liko umbali wa kutembea kutoka kwao. Mkiwapeleka pangoni, waombeni wenyeji wa mahali waongoze, muombe ruhusa, mvue viatu wakikuambieni mvue, na mtoto asitoke na kitu mfukoni isipokuwa daftari lake.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, inshallah, tutaingia Unguja Ukuu, tuone watu wa majahazi ya mwanzo walikuwa wakila samaki gani. Mwenye swali juu ya haya ya leo aliandike atuletee, na mwenye picha ya jiwe alilolikuta mahali pake, picha hiyo aifikishe kwa sheha wake kwanza kabla ya kutuletea sisi.